Nguzo Iliyosimama Bila Mwanamume

Kondele, Kisumu
Jumatatu, 24 Machi 2025

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mazishi na Maendeleo ya Ukoo,
Katito, Nyakach.

Shemeji yangu mheshimiwa, Mzee Oketch, Baba Becky,

KUH: CHUMA CHANGU

Ijumaa ya tarehe 7 mwezi huu, nikiwa dukani, nilipoteza chuma changu cha mazoezi. Kina urefu wa mita mbili na robo tatu, unene wa milimita arobaini na tano, hakishiki kutu, na kilikuwa kimesimama katikati ya sebule yangu. Sikukipoteza kama mtu anavyopoteza ufunguo. Kilibebwa. Kilibebwa na vijana wanne wa kamati yako, pamoja na sufuria zangu kubwa, viti vya plastiki na magodoro, vikasafiri kwa pikapu hadi Katito kwenye msiba wa binamu yenu. Sufuria zilirudi. Viti vilirudi vikiwa pungufu kwa vitatu, na hivyo nimevisamehe kwa sababu marehemu alikuwa na wageni wengi. Magodoro yalirudi na kunguni ambao sikuwatuma. Chuma hakikurudi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unaniambia "tutaongea", na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo unanijibu kwa picha ya mikono iliyoshikana. Karatasi haina picha.

Kwanza nieleweke. Sibishani na desturi. Nimeolewa katika dala hiyo, boma lenu, miaka thelathini na minne, na najua kwamba msiba ukitokea, vitu vya mke anayeishi mjini ni vitu vya wote. Ufunguo wa nyumba yangu hukaa kwa mlinzi kwa sababu hiyo hiyo. Hema lilipungukiwa na nguzo moja ya pembeni, vijana wakaona chuma kimesimama sebuleni kwa mjane kana kwamba kinangoja kazi, wakakipenda. Siku ya maziko nilikikuta kimeshika pembe ya hema, kimefungwa utepe mweusi, nikakaa karibu nacho kama mfiwa. Jioni nikarudi Kisumu kufungua duka.

Yaliyonishangaza yalitokea nyuma yangu. Nasikia watu walipokuwa wanamalizia nyama, mzee mmoja alikigonga kwa fimbo yake akauliza kimetoka wapi. Akajibiwa, "Kwa Beldina, sebuleni." Akauliza, "Sebuleni? Na nani alikisimamisha?" Hakuna aliyejua. Kikao kikaitishwa hapo hapo. Kikaamua kwamba nguzo ya nyumba husimamishwa na mwanamume. Kwamba mimi ni mjane ambaye hakurithiwa na ndugu wa mume. Kwamba basi ama kuna mwanamume aliyefichwa, ama nguzo imesimama bila mwanamume na italetea watoto wa ukoo chira, laana ya kuvunja mwiko. Na kwamba chuma kizuiliwe stoo kwako hadi Okinyi, binamu yenu mwingine, aje Kondele kukisimamisha upya na kulala usiku mmoja. Uliniletea habari hii kwa simu, kwa sauti ya mtu anayemwambia mzazi kwamba mtoto wake amepata ufadhili.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwamba chuma kimeitwa nguzo.

Nguzo hubeba nyumba. Chuma hiki kinabebwa na nyumba. Kimebanwa kati ya sakafu na dari kwa skrubu moja unayoikaza kwa spana. Ukiilegeza, kinakuangukia mikononi kama mtoto aliyelala. Shemeji, wewe umejenga. Umewahi kuona nguzo inayong'olewa na vijana wanne, nyumba ikabaki imesimama inawatazama wakiondoka?

Kilifikaje kwangu? Mwaka jana daktari aliniambia nina kilo tisini na nne, magoti ya mtu wa miaka sabini, na sukari inayopanda kama ziwa wakati wa masika. Mimi nina hamsini na saba. Akasema nitembee. Nikatembea. Asubuhi ya kwanza, kutoka Kondele kuelekea mjini, watu wa boda boda walinisimamishia pikipiki mmoja baada ya mwingine: "Mathe, panda tu, utalipa kesho." Jioni wafanyabiashara wenzangu wakaanza kuulizana niliuza gari lini. Kabla wiki haijaisha, mtu anayeniletea mchele, ambaye amekuwa akinipa mzigo kwa mkopo tangu nilipokuwa napima omena kwa gorogoro kando ya barabara, akapiga simu akitaka alipwe taslimu. Huku kwetu mtu mwenye mali hatembei kwa miguu ila akiwa nyuma ya jeneza. Nikapiga hesabu: kutembea kungenipunguzia kilo kumi na duka zima.

Ndipo niliposikia habari za Winny. Ni binti wa miaka ishirini na saba anayefundisha wanawake kucheza kwenye chuma, katika ukumbi mmoja ghorofani, mapazia yamefungwa, mwanamume haingii hata akiwa fundi wa stima. Sitaficha jina la kitu: ni dansi. Unakishika chuma, unajivuta, unazunguka, unapanda, unashuka polepole bila kuanguka. Wako wanaoifanya kwenye vilabu vya usiku kwa ajili ya macho ya watu. Hao wana sababu zao. Sisi tunaifanya Jumamosi asubuhi, tukiwa na chupa za maji na dawa za presha. Siku ya kwanza nilining'inia sekunde tatu nikadondoka juu ya godoro. Mwenzangu wa karibu, Bi Safia muuza viungo, mwenye miaka sitini na mbili na wajukuu saba, akaniambia, "Usijali, dada. Mimi nilianza na sekunde mbili, na moja ilikuwa ya kuomba dua."

Baadaye nikanunua chuma changu cha nyumbani, na leo nina kilo themanini na moja. Napanda ngazi za jengo langu hadi ghorofa ya nne bila kusimama katikati nikijifanya nasoma notisi.

2. Kwamba nimezuliwa mwanamume.

Chuma hushikwa kwa ngozi, na ngozi yangu haikuwa imezoea. Miezi ya mwanzo nilikuwa na michubuko ya zambarau mikononi na mapajani. Akina mama wa kanisa waliiona ya mikononi nilipokunja mikono ya gauni kuosha sufuria, wakanivuta kando. "Beldina, nani anakupiga?" Nikasema hakuna. Wakasema ndivyo wanavyosema wote. Nikawakumbusha kwamba mume wangu Ochola alikufa miaka tisa iliyopita. Wakatazamana.

Hapo ndipo mtu huyo alipozaliwa, Shemeji: mrefu, mwembamba, asiyekula, anayesimama sebuleni kwangu usiku na mchana, anayeniumiza na bado sitaki kumfukuza. Sifa zote hizo ni za kweli, isipokuwa kwamba si mtu. Habari zake zilifika Katito kabla ya chuma chenyewe. Kamati ilipouliza nani alikisimamisha, jibu lilikuwa limeshakaa mkekani likingoja kuitwa.

Aliyekisimamisha ni Winny, kwa spana na pima maji. Mimi nilishika ngazi.

3. Kwamba mwiko huu haujui kuhesabu.

Jengo langu la hapa Kondele lina nguzo ishirini na nne za zege. Zote zilisimama baada ya Ochola kuzikwa. Sikuwa nimerithiwa wakati ule, na sijarithiwa sasa. Mafundi walikuwa wa kukodi, na msimamizi wao alikuwa Wechuli kutoka Bungoma, ambaye kila jioni alirudi kwa mke wake. Hakuna mjumbe wa kamati aliyeuliza neno. Badala yake wewe mwenyewe, ulipokuja kutibiwa mguu, ulilala chumba cha chini wiki tatu, katikati ya nguzo nne kati ya hizo, ukasifu ubaridi wake. Okinyi alikaa miezi miwili akitafuta kazi, nayo kazi ikimkwepa. Watoto wa ukoo wanaosoma Maseno wakifungiwa hosteli, huja kwangu na magodoro yao kichwani.

Kama nguzo ya mjane huleta chira, basi kamati nzima imekuwa ikilala ndani ya chira na kunywa chai humo, yenye maziwa. Naomba mnieleze kisayansi: nguzo ikifika milimita ngapi ndipo huacha kuwa mwiko? Za zege zina mia tatu. Yangu ina arobaini na tano. Nionavyo mimi, mwiko wenu huanza pale chumba cha bure kinapoishia.

4. Kwamba Okinyi ameteuliwa.

Sina ugomvi naye. Ni mtu mpole, na anasifu chakula kabla hajakionja. Lakini nilipokuuliza kwa nini yeye, ulinijibu, "Ana nafasi." Shemeji, hata kibarua wa kubeba magunia namuuliza zaidi ya hapo.

Mwaka ule Ochola alipokufa, nilikataa kurithiwa mbele ya wazee wote, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu, wakati huo magoti yakiwa mazima. Sikujua kwamba kesi ile ingefufuliwa na chuma.

Hata hivyo, kama ni lazima Okinyi aje, nina sharti la kikazi. Kanuni ya Winny ni kwamba chuma kikishakazwa, aliyekikaza ndiye wa kwanza kuning'inia juu yake, ili kikianguka kianguke na mwenyewe. Okinyi ana kilo mia moja na nne. Najua kwa sababu alipanda mwenyewe kwenye mizani yangu ya mahindi, kwa mzaha, akashuka bila mzaha. Akining'inia sekunde kumi bila mguu kugusa chini, nitamchinjia kuku. Akishindwa, arudi Katito jua likiwa bado juu.

5. Kwamba mila haiwezi kuwa ya sebule moja.

Hapa naomba kamati inifuate polepole, maana nimekaa na kalamu. Ukoo wetu una wajane kumi na tisa. Nikijiondoa mimi, tunabaki na kumi na wanane, na kila mmoja ana nguzo nne za baraza. Nyingi zilishaliwa na mchwa, na wajane wenyewe wakazibadilisha, kwa sababu wanaume wa kuzibadilisha walikuwa kikaoni. Hizo ni sabini na mbili. Ongeza zangu ishirini na nne za zege, na kile chuma: tisini na saba. Okinyi akilala usiku mmoja kwa kila nguzo, akapumzika Jumapili kama Mkristo mwema, kazi itamchukua karibu miezi minne, bila kuhesabu vyoo, majiko na mabanda ya kuku, ambavyo navyo havikusimama kwa maombi. Atahitaji posho, chandarua, na mtu wa kumlimia shamba. Mke wake pia atahitaji kuelezwa, na hiyo kazi naiacha kwa Mwenyekiti.

Akimaliza hapo, ziko nguzo za umeme zilizopita mbele ya nyumba za wajane hao. Zilisimamishwa na gari lenye mkono wa chuma. Kamati iandike rasmi kuuliza gari hilo lililala kwa nani.

Na hema lenyewe la msiba, Shemeji, mlilikodi kwa Mama Seline wa Ahero. Ni mjane. Ana mahema matatu na hajarithiwa hata na mmoja. Marehemu wetu alikingwa jua na nguzo kumi na mbili, kumi na moja za mjane mmoja na moja ya mjane mwingine, na sikuona mzee yeyote akihamisha kiti chake kwenda juani.

6. Kwamba mimi ndiye ninayeumia.

Hili halina hesabu nyingi. Tangu chuma kiondoke, goti la kushoto limeanza tena kulia nikishuka ngazi, na sukari imepanda. Jumamosi moja kwa wiki haitoshi. Kilichonisaidia ni kile cha nyumbani, nikishafunga duka. Daktari atanipima katikati ya Aprili, na ameshasema kwamba nikirudi nyuma tutaanza sindano.

Kwa miaka tisa nimeshikwa na kila mtu: karo, matibabu, mafuta ya gari la maiti. Silalamiki, ndiyo kazi ya mwenye duka. Lakini chuma kile ndicho kitu cha kwanza nilichokishika mimi, nacho hakikuniomba chochote. Nikining'inia pale, uzito wangu wote uko juu yangu, na nimegundua kwamba naweza kuubeba. Kamati inayosema jambo hilo linahitaji mwanamume wa kulisimamia haijaniona nikiwa juu. Na haitaniona, kwa sababu mapazia hufungwa.

Kwa hiyo naomba chuma kirudishwe kabla ya saa sita mchana Jumamosi hii, tarehe 29, kikiwa kimefungwa kwenye blanketi, na skrubu yake, na bila Okinyi.

Msalimie Mama Becky na umwambie kabichi alizoniletea zilikuwa tamu. Wasalimie wazee wote waliokaa kikaoni, hasa yule mwenye fimbo. Msalimie Okinyi, sina kinyongo naye. Ajaribu kutembea, huko kijijini hakuna atakayedhani amefilisika. Vijana wanne wa pikapu nao nawasalimu, walifungua skrubu vizuri.

Mimi wako katika ndoa iliyokwisha na ukoo usiokwisha,

Beldina Akeyo Ochola
(Mweka Hazina wa Kamati hiyo hiyo, ambaye hakuitwa kikaoni)

Tanbihi. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nikaona heri niilete mwenyewe, nikihakikishe chuma kwa macho kabla ya kukidai. Leo ni Jumanne na nimefika. Ninyi wanaume hampo, mko sokoni Katito kwenye kikao kingine. Stoo yako nimeikuta wazi na chuma hakimo. Nimekikuta mbele ya mlango wa Mama mkwe, kimechimbiwa na kumwagiwa simenti, na juu yake umefungisha taa ya sola.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nipige kelele. Lakini Mama alikuwa kwenye kiti chake pale kando. Unajua kwamba tangu avunjike nyonga anainuliwa na wajukuu wawili, na wakiwa shule hukaa pale pale hadi warudi, jua limfuate au lisimfuate. Leo alikishika chuma kwa mikono miwili, akajivuta, akasimama. Peke yake, Shemeji, na miaka yake themanini na sita. Akakizunguka nusu, taratibu, akakaa kwenye kiti cha upande wa kivuli. Akaniambia, "Nyar Seme," maana bado ananiita binti wa Seme, nilikozaliwa, "huyu mzuri. Ukimwacha hapa, unamkuta hapa." Nimemwonyesha namna ya kupitisha kidole gumba ili mkono usiteleze. Ameshika haraka kuliko mimi.

Kwa hiyo malalamiko yote sita nayafuta, na ombi la kurudishiwa pia. Chuma kisiguswe. Nilikosea hata kwenye lile la kwanza. Hapa kilipo, ni nguzo. Goti langu nitajua la kulifanya.

Limebaki swali moja. Mama ni mjane tangu 1998. Hakurithiwa, alikataa, na wewe ulikuwepo. Nguzo imesimamishwa mlangoni pake kwa amri yako. Shimo limechimbwa na binti yako Becky, na simenti ameikoroga yeye na wasichana wenzake, kwa sababu wavulana walikuwa mpirani. Nimewauliza, wakanionyesha mikono. Hakuna mwanamume aliyegusa.

Nijibu kwa maandishi, bila picha ya mikono, kabla ya ile saa sita mchana ya Jumamosi. Sihitaji maelezo, nahitaji jina: kamati imemteua nani akalale kwa mama yako?